Hasira Yote Kabla ya Maji

Suma, Rungwe

Atupele mwanangu,

Mimi baba yako nina miaka sabini na nane. Nimewazidi umri kaka zangu wote, na wao walikuwa warefu kuliko mimi. Nimeyazidi madaraja mawili ya mto wetu, moja la miti na moja la zege lililojengwa na watu wenye kofia ngumu. Nimeizidi homa iliyomaliza ng'ombe wa kijiji kizima isipokuwa wangu. Nimemzidi daktari aliyenipima mapafu akatikisa kichwa; alipokufa yeye nilikwenda msibani kwake na nikashika jembe la kaburi. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba nitakufa kwa sababu wewe umepanda ndege. Sifi. Nimekasirika tu, na hasira haijawahi kuniua.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nina darasa la nne la zamani. Herufi zangu ni kubwa kama mihogo lakini zinasomeka. Mama yako alisema nirekodi sauti kwenye simu nikutumie. Nikamwambia sauti ya simu mtoto anairusha mbele akichoka, lakini karatasi ataimaliza. Wewe umekwenda Tukuyu kuaga rafiki zako, mvua haijaacha tangu asubuhi, hivyo nina nafasi mpaka jioni utakaporudi.

Sitakuambia habari za sweta, wala dawa za tumbo, wala kuweka pasi ya kusafiria mahali pakavu. Hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wanayajua. Mimi nina kazi moja, nayo niliiacha nusu siku ya Jumapili.

Unaijua kazi yenyewe. Kwetu mzazi hampulizii maji mtoto anayesafiri wakati bado ana kitu tumboni. Anakaa na ndugu, anaitoa hasira yake yote mbele ya mtoto, hata ile ya kijinga. Mtoto ananyamaza. Ikiisha, mzazi anachukua maji kinywani, anampulizia, safari inakuwa safi. Hasira isiyosemwa haibaki nyumbani kulinda mlango. Inamfuata mtoto hukohuko aendako, inamkalia kifuani.

Jumapili tulianza vizuri. Shangazi yako Sekela, dada yangu, aliweka bakuli la maji chini ya mgomba ule wa mlangoni. Mimi nikaanza kwa upole, kwa kuuliza.

“Nani amekuita huko Morisi?”

“Hakuna aliyeniita, tata. Niliomba mwenyewe, wakanipa viza.”

“Utamfanyia nani kazi?”

“Walewale ninaowafanyia hapa. Wale wa viatu.”

“Wako Morisi?”

“Hapana, wako Uholanzi.”

“Basi wenye kazi wako Uholanzi, kazi yenyewe iko ndani ya kompyuta, na wewe uko Suma. Morisi inaingilia wapi?”

“Nakwenda kuishi tu, tata.”

“Na hapa ulikuwa unafanya nini, unaoza?”

Shangazi yako alicheka. Mimi sikucheka. Nikauliza, ukichoka na watu wa viatu, unaweza kupata kazi kulekule kisiwani, hata ya kusimama dukani? Ukasema hapana, viza hiyo hairuhusu. Ni ya watu wanaofanya kazi kwa mtandao. Wanakupa mwaka mmoja, unaweza kuomba tena, ila usishike kazi ya mtu yeyote wa pale. Pesa itoke nje, wewe ukae ndani. Nikauliza kwa nini mtu mwenye akili apatake mahali pa namna hiyo. Ndipo uliposema, tena bila hasira, kama mtu anayeagiza chai:

“Nataka nikae mahali ambapo hakuna anayenijua.”

Niliinuka nikaenda kwa ng'ombe. Nyuma nilimsikia Sekela, “Kaka, hujamaliza. Rudi, utamfunga mtoto.” Sikurudi. Baadaye akayamwaga maji kwenye shina la mgomba, kwa maana maji yaliyowekwa kwa kazi ile hayanywewi na hayaoshei sufuria. Tangu siku hiyo unanisalimia, naitikia, basi. Bakuli limegeuzwa juu ya kichanja na kila nikipita naliona.

Leo namaliza. Wewe nyamaza usome.

Naanza na ile ya kijinga. Nimekasirishwa na sanduku lako. Umenunua sanduku jekundu lenye magurudumu. Magurudumu ya kwenda wapi? Kutoka mlangoni kwetu mpaka barabara ya gari ni matope na mawe, na wewe unajua, umezaliwa humo. Atakayelibeba kichwani ni mimi. Watu watasimama kutazama mzee na sanduku jekundu. Sawa. Nimebeba makubwa kuliko hilo.

La pili, kazi yenyewe. Nimekusikia chumbani kwako ukicheka na wale watu kwa Kiingereza. Mtu yuko Uholanzi, kiatu kimembana, anamlalamikia mtoto wangu wa Suma, na mtoto wangu anamwambia pole kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kuambiwa nikiwa naumwa mgongo. Umeme ukikatika unapanda mpaka ukingoni mwa shamba la chai na mwavuli, unatafuta mtandao kama mtu aliyepoteza ndama. Nilikuona. Hukuniona. Nilikuwa nakuja kukuambia teremka, radi inapiga, kisha nikakuona unaandika kwa magoti na maji yanakutiririka mgongoni, nikarudi. Wavivu nawajua, nimelea wawili. Wewe si mmoja wao. Lakini nimekasirika.

La tatu ni yule mpangaji.

Unamjua, kijana wa Ulaya aliyepanga chumba kwa jirani yetu, yule tuliyemwita Wa Kompyuta. Alikuja kwa wiki akakaa mpaka mahindi yakakomaa. Maziwa alinunua kwangu. Hakuwa mtu mbaya, alisema asante hata kwa mlango. Ndipo jirani akafiwa na mama yake, tukajaa pale uwanjani, ngoma, vilio, ng'ombe amechinjwa. Yule kijana akatoka chumbani na vitu vyake masikioni, akakuita wewe umtafsirie, nami nimekaa hapohapo na wazee.

Ukaniambia, “Tata, anauliza hii itaisha saa ngapi. Ana kikao.”

Nikajibu, “Mwambie marehemu hajatuambia.”

Wazee walicheka mpaka msiba ukatulia kidogo. Wewe ulicheka pia, nilikuona, uligeuka ukaficha uso. Sasa sikiliza. Hakuna aliyemtukana yule kijana. Hakuna aliyemfukuza. Waliendelea kumuuzia ndizi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Alipoondoka, jirani alitoa godoro nje akalianika, na hayo ndiyo yalikuwa maagano yake na Suma.

Na ni yeye aliyekuambia kuna nchi zinazotoa viza kwa watu wa namna yake. Ulikaa naye kwenye ngazi ya nyumba ile, akakuonyesha kwenye kioo. Ulipotuambia, mama yako alifurahi. Mimi niliona godoro.

Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa, naiandika polepole ili nisiirudie. Ulimcheka yule mtu pamoja nasi, kisha ukaenda kuomba karatasi ya kuwa kama yeye.

Sasa ukasema hakuna anayekujua. Binti yangu, mahali hapo nimekaa mimi. Napajua kuliko wewe na viza yako.

Nilikwenda Zambia kijana, kwenye migodi ya shaba ya Kitwe. Babu yako hakutaka. Alitaka nibaki na ng'ombe. Lakini alikuwa mtu wa mdomo mtamu, hakupenda kusemana. Tulipokaa kwa ajili ya maji alisema hana neno lolote, akapuliza haraka, nikaenda. Alikuwa nalo.

Mvua za kwanza za kule zilinikuta nakohoa. Mimi niliyekuwa nainua mzigo wa watu wawili, waulize walionijua, nikashindwa kuinua sepeto tupu. Hospitali ya mgodi ikanipima ikasema sina kitu. Mtu mmoja wa kwetu alikuwa anarudi likizo, nikamtuma amwambie mzee aseme. Babu yako akaita ndugu zake, akatoa yote: kwamba nilimwacha na ng'ombe na uzee, kwamba niliaga huku natazama barabara. Akamaliza, akapuliza maji kuelekea upande wa Zambia. Nikapona.

Ulipokuwa sekondari uliniambia lile lilikuwa vumbi la mgodi. Sawa, wewe umesoma. Vumbi lilibaki palepale na mimi nikapona. Ndiyo maana sitakupulizia maji ya uongo. Heri unichukie kwa karatasi hii kuliko ukohoe peke yako kisiwani.

Sasa sikia habari ya karatasi yangu ya Zambia, maana wewe unadhani ni wewe wa kwanza kupewa karatasi. Yangu ilisema fanya kazi, usikae. Mkono wangu waliutaka, mimi mwenyewe hawakunitaka. Kibali kilipoisha, karani akagonga muhuri bila kuinua uso, gari likatubwaga mpakani Tunduma. Kijana mwenye nguvu zile, na hakuna mtu mmoja katika mji ule mzima aliyesema kaa kidogo. Yako inasema kaa, usifanye kazi. Wanakutaka ununue mikate yao na ulale kwenye nyumba zao, ila mkono wako usiguse kitu. Nimezipima hizi karatasi mbili wiki nzima, ipi inatukana zaidi. Mimi angalau waliniambia shika hapa. Wewe unaambiwa usishike.

Kambini Kitwe tulilala chumba kimoja watu wengi. Kitanda cha karibu na changu alilala mtu wa Malawi, Yohane. Tulijua zamu yake. Tulijua anakoroma na hapendi samaki. Akafa kwa homa, ghafla, wala si mwamba uliomwangukia. Karani akaja mlangoni.

“Kwao wapi?”

“Malawi.”

“Malawi ni nchi. Kijiji gani? Mama yake nani?”

Tukatazamana. Watu wazima, wenye ndevu, tumekula naye chungu kimoja, tukatazamana kama kuku. Wakamchukua na gari la kampuni. Tulipotoka zamu, kitanda kilikuwa na mtu mwingine, kijana, ametundika koti lake kwenye msumari wa Yohane.

Mama yako anasema hili ni kosa langu na ndiyo maana linanikereketa. Mimi nasema zamu zilikuwa ndefu. Lakini tangu siku hiyo kila mtu niliyelala naye chumba kimoja nilimuuliza mama yake anaitwa nani na anakaa wapi, kabla sijamuuliza jina lake yeye. Walinicheka. Waliniita Karani wa Mama Zao. Nayakumbuka majina yale yote mpaka leo. Mama wa aliyetundika koti aliitwa Esinati, na kwao ni kando ya ziwa, upande wa pili wa Kyela.

Kwa hiyo ukiniambia unataka mahali ambapo hakuna anayekujua, mimi naona msumari.

Kuna jambo moja watu wa Morisi wamefanya nikawaheshimu kidogo. Ulisema wanataka bima, na bima hiyo inaandika nani atakurudisha ukifa. Mama yako alitoka nje kulia. Mimi nilisema angalau hawa wamefikiri. Nchi inayouliza habari za maiti yako kabla haijakuonjesha chumvi yake haina adabu, lakini ina akili kuliko Kitwe. Umeandika jina langu hapo. Vizuri. Nitakuwepo, sina mpango wa kwenda popote.

Jumanne nilikwenda Msasani ya pale Tukuyu kwa Mzee Shabani, fundi cherehani, arekebishe koti langu jeusi. Unamjua alivyo. Aliligeuza akacheka.

“Koti la msiba hili, Asangalwisye. Nani amekufa?”

“Hakuna. La kumsindikiza mtu niliyemkasirikia.”

“Mnyakyusa na hasira zake. Kila mwaka unanuna, kila mwaka koti linazidi kukubana.”

Nikamweleza habari ya viza yako, kukaa bila kushika kazi. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Badala yake akaning'inizia shingoni ile tepe yake ya kupimia kama kamba ya mbuzi.

“Babu yangu alikuja hapa kutoka pwani na mzigo wa kanga,” akasema. “Shamba hamkumpa. Ng'ombe hamkumpa. Binti pia hamkumpa mpaka mmechoka kumkatalia. Mlinunua kanga zake mkamwita mgeni, miaka nenda rudi. Na yeye alikuwa na viza gani, ya hao wazee wako?”

“Hakuwa nayo.”

“Sasa aliacha lini kuwa mgeni?”

Nilijua jibu, kila mtu Tukuyu analijua. Alifiwa jirani yake, Mkristo, mvua kubwa, wachimbaji wachache. Mzee yule wa kanga akavua kanzu, akashika jembe, akaingia kaburini na matope mpaka magotini. Walipomaliza akaoshwa mikono pamoja na wengine, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita mgeni. Nikajifanya natazama cherehani yake, maana Shabani akishajua unajua jibu anakuwa mtu mbaya sana.

“Huko Morisi watu hawafi?” akauliza.

“Wanakufa.”

“Basi atapata pa kuingilia. Simama wima nikupime, umenenepa.”

Nilirudi na hasira zaidi kuliko niliyokwenda nayo, kwa sababu alikuwa amesema kitu ambacho ilitakiwa nikiseme mimi. Ndiyo maana jana jioni, ulipokuwa unakunja nguo, nilisimama mlangoni nikakuuliza swali moja ukaniona nimechanganyikiwa. Nilikuuliza kama viza yako inakataza kwenda msibani.

Ulisema, “Haijasema, tata.”

Nikasema, “Soma vizuri.”

Ukasoma tena, ukasema haijasema. Nikaondoka. Sasa unajua kwa nini niliuliza.

Sikutumi kutafuta makaburi. Ila siku jirani yako wa kule atakapofiwa, na atafiwa, toa vile vitu masikioni. Wale wa viatu waambie umepata dharura. Nenda ukakae. Hutaelewa wanaimba nini. Kama wanachimba, chimba. Kama wanapika, osha sufuria. Hiyo si kazi ya mtu yeyote wa kisiwa kile, hakuna karani atakayekugongea muhuri kwa hiyo. Na mtu wa mlango wa karibu muulize mama yake anaitwa nani. Atakucheka. Mwache acheke.

Ukifanya hivyo, huko unakokwenda hakutakuwa tena mahali ambapo hakuna anayekujua. Utakuwa umeharibu ulichokifuata. Hapo mimi nitakuwa nimeshinda, na nitamwambia kila mtu.

Nimepumzika kidogo nikakamua, nimerudi. Nimejipapasa tumboni kama hakuna kilichobaki. Nilikuta kidogo: kwamba hukuniambia mimi kwanza, ulimwambia mama yako. Nimekisema. Nikakuta kingine, kwamba ulipanga tarehe ya kuondoka bila kuuliza kama ndizi za mkungu ule mkubwa zitakuwa tayari kupikwa mbalaga, ule wa kumsindikiza msafiri kwa ndizi za nyumbani. Nimekisema. Nikatafuta tena.

Kilichobaki sasa si hasira. Nimekitazama vizuri, nakijua, nilikuwa nacho hata siku ulipokwenda sekondari na ndoo yako ya plastiki. Hicho si lazima kisemwe na hakimdhuru mtu. Hicho sikitoi, ni changu.

Kesho kabla ya gari la kwenda uwanja wa ndege wa Songwe, Sekela atakuwa amefika. Bakuli litakuwa chini ya mgomba uleule. Usiniletee maneno ya shukrani wala ya kujitetea, barua hii umeshaisoma, yamekwisha. Uje, uinamishe kichwa, nipulize. Kisha nitavaa koti langu na kubeba hilo sanduku lako jekundu mpaka barabarani, na mtu akicheka nitamjibu mimi, wewe tembea.

Kama kuna atakayesema nimetunga, waulizwe hawa. Sekela dada yangu alikuwepo nilipoinuka Jumapili, na ndiye aliyemwaga maji. Mzee Shabani wa Msasani alinipima koti na kunitukana, naye hajawahi kukana tusi lake. Ya Kitwe hayana tena shahidi, wote nimewazidi umri. Na kama hasira imekwisha kweli tumboni mwangu, mimi siwezi kujishuhudia, na ndugu hawawezi kuona ndani. Shahidi wa hilo ni wewe. Mvua za kwanza za kisiwa kile zikupite hujakohoa, utajua baba yako alimaliza.

Baba yako,
Asangalwisye